Uwezekano: hesabu matokeo kabla ya kugawa

Kanuni yenyewe ni fupi: idadi ya matokeo unayoyataka, gawa kwa idadi ya matokeo yote. Dadu ina pande 6. Namba shufwa ni 2, 4 na 6, basi uwezekano wa kupata shufwa ni 3/6, yaani 1/2. Hapo ni nadra mtu kukosea. Alama hupotea kwenye kuhesabu matokeo.

Chukua sarafu mbili. Wengi huandika: vichwa viwili, mienge miwili, au kimoja kimoja, matokeo 3, kila moja 1/3. Si kweli. Rusha ya shilingi 100 pamoja na ya 200 (mwenge ni jina tu la upande wa pili siku hizi, hiyo ya 200 ina simba), kisha andika ya 100 kwanza, K kwa kichwa na M kwa mwenge: KK, KM, MK, MM. “Kimoja kimoja” ina njia mbili, kwa hiyo ni 2/4. Usione haya: d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, naye mwaka 1754 alihesabu matokeo 3 badala ya 4 kwa sarafu inayorushwa mara mbili.

Kwa dadu mbili usiorodheshe kichwani, chora jedwali la 6 kwa 6. Visanduku ni 36. Jumla ya 7 imo katika visanduku 6, jumla ya 12 katika kimoja tu.

Kwenye gololi, tafuta neno “bila kurudisha”. Mfukoni mna nyekundu 3 na nyeupe 2, unatoa mbili. Zote kuwa nyekundu: 3/5 × 2/4 = 3/10. Ya kwanza ikishatoka zimebaki 4, nyekundu 2. Kiasi (namba ya juu) na asili (ya chini) vyote vimepungua. Ukiirudisha, ni 3/5 × 3/5 = 9/25.

“Angalau moja” ndiyo inayonasa wengi. Unarusha dadu mara 3 ukitafuta 6. Ukijumlisha 1/6 mara tatu unapata 1/2. Kwa hesabu hiyo, kurusha mara 6 kungekupa 6 kwa hakika, na aliyecheza ludo anajua mtu anavyoweza kurusha hata mara kumi bila kupata 6, kete zake zikiwa bado nyumbani. Anza na kukosa: 5/6 × 5/6 × 5/6 = 125/216. Toa kwenye 1, inabaki 91/216, pungufu kidogo ya nusu.