Mtaa ukitolewa magari, duka langu litapona?

Shikamoo anko. Nina fremu ya vitenge Kariakoo, mwaka wa sita sasa. Ndugu yangu aliyeko nje ananiambia huko mtaa mkubwa wa mjini wanatoa magari binafsi, wanabakiza mabasi na watu wa miguu tu. Nikawaza, siku wakituletea huku si ndo tunafunga maduka? Wateja wangu wa jumla wanatoka mikoani, wanaondoka na mabelo. Niambie ukweli.
Mama Vitenge, Kariakoo

Marahaba mwanangu. Hofu yako naielewa kabisa na wala hujaanza wewe. Mwaka 1972 kule Curitiba, Brazil, meya Jaime Lerner alipotaka kufunga mtaa wa Rua XV de Novembro usipite magari, wenye maduka walikuja juu, basi akaanzisha kazi Ijumaa jioni, wakapiga usiku na mchana, Jumatatu mtaa ukawa wa watembea kwa miguu, na madereva waliopanga kuja kupita kwa nguvu wakakuta watoto wamekaa katikati ya barabara wanachora picha kwenye makaratasi marefu, nani angewapitia? Haikupita muda wenye maduka wakaanza kuomba eneo liongezwe. Na huu mwendokasi wetu ulioanza 2016, ule mtindo wa basi kuwa na njia yake na nauli unalipa kituoni kabla hujapanda, ukifuatilia ukoo wake unafika huko huko Curitiba.

Ila sitakudanganya kwamba kila mahali imekubali. Chicago walitoa magari binafsi State Street mwaka 1979, wakaacha mabasi, wakapanua njia za miguu mpaka zikapitiliza, watu wakionekana wachache hata wakiwepo, moshi wa mabasi umejaa, na wakati huo huo maduka makubwa yanahamia kwingine. Mwaka 1996 wakarudisha magari. Kwa hiyo kufunga peke yake hakuleti mteja, lazima mtaa wenyewe uwe na watu na sababu ya kuja.

Sasa Kariakoo kukosa watu? Juzi saa kumi na moja jioni nilisimama Msimbazi, nikamwona mama ana mtoto mgongoni na mfuko wa sandarusi kichwani anatembea barabarani kabisa kwa sababu pembeni gari limepaki, nyuma yake bodaboda inampigia honi, anageuka hajui akae upande gani. Yule ni mteja mwanangu, na hana hata nafasi ya kusimama aangalie kitenge chako. Wataalamu wa mitaa wanakadiria lane moja ya mita 3 ikiwa ya magari madogo inapitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, ukiwapa mabasi peke yao inafika 4,000 hadi 8,000, na ukiwaachia wa miguu inakaribia 9,000. Gari moja lililopaki mlangoni kwako kutwa nzima limekuletea mteja mmoja, tena huenda ni la jirani yako.

Mzigo ndo suala lenyewe, na hapo usikubali kupewa majibu ya juu juu. Miji mingi ya Ulaya kwenye mitaa kama hiyo gari la mzigo linaingia asubuhi tu mpaka saa nne au saa tano hivi, halafu linatoka. Kwetu ningedai hivyo hivyo, kirikuu na guta ziwe na saa zake, mikokoteni iwe na njia inayoeleweka, na pawe na sehemu ya karibu ya kupakia mabelo ya mikoani. Pia kivuli, maana jua la Dar halitembeleki bila miti, na mabasi yawe ya kutosha kabla hamjagusa gari la mtu, basi likichelewa nusu saa mteja wako atakasirika na atakuwa na haki.

Jumamosi hii muweke kijana mlangoni na daftari, kila anayenunua amuulize amekuja na nini, gari, bajaji, mwendokasi au miguu. Halafu niandikie umepata nini.