Chaki, wino na nyuso za watakatifu: maswali yenu

Nina mchoro wa kale wa Bikira Maria, wa chaki na wino wa kahawia. Nipulizie dawa ya nywele ili vumbi la chaki lisipukutike?

Hapana, na hili nimeshalijibu mara nyingi. Dawa ile hugeuka manjano, hutia chaki kiza, na haitoki tena. Unachokiita vumbi ndio mchoro wenyewe. Zungushia kadibodi isiyo na asidi ili kioo cha fremu kisiguse karatasi. Plastiki usiitumie badala ya kioo, umemetuamo wake huvuta chaki. Fundi fremu akitaka kupunguza kingo, mnyang'anye.

Paji la uso wa malaika limekuwa jeusi. Ni ukungu?

Si ukungu. Wachoraji wa Italia wa karne ya 16 walimalizia sehemu zenye nuru kwa brashi na rangi nyeupe ya madini ya risasi. Gesi zenye salfa, kama zile za moshi wa makaa ya mawe, huigeuza kuwa salfaidi, ambayo ni nyeusi. Nuru na kivuli vinabadilishana nafasi, na malaika anaonekana kapakwa masizi. Mhifadhi wa karatasi anaweza kuirudisha kwa haidrojeni peroksaidi kidogo sana, kwa ncha ya brashi, chini ya hadubini: salfaidi hugeuka salfeti, nayo ni nyeupe. Usijaribu na chupa ya duka la dawa. Ikienea pembeni itafifisha wino na kudhoofisha karatasi, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Nikinakili michoro hii, wino wa maji unatibua chaki. Nakosea wapi?

Huenda unatumia mkaa. Chaki nyeusi ya kale ni jiwe laini lenye kaboni, hushika karatasi kuliko mkaa. Leo tumia penseli ya kaboni. Zimua wino katika vikombe vitatu: tone 1 kwa matone 20 ya maji, kwa 10, kwa 5. Anza na mwepesi. Brashi ipite mara moja, kisha acha pakauke kabisa. Ukirudia pakiwa pabichi unakwangua. Nyeupe iwe ya mwisho. Chaki nyekundu ikilowa huacha doa la waridi.

Kuna miraba imepigwa juu ya mtakatifu. Niifute?

Usithubutu! Kwa miraba hiyo mchoro ulikuzwa hadi ukutani au kwenye ubao. Ni ushahidi wa kazi.

Chini pameandikwa "Raphael". Ni wa yule mchoraji wa Italia?

Jina peke yake halithibitishi kitu. Wakusanyaji wa baadaye waliandika walivyotaka. Inua karatasi kwenye mwanga. Usipoona mistari ya waya za ungo wa kutengenezea karatasi, haiwezi kuwa ya kabla ya karne ya 18. Raphael alikufa 1520.