Jibu: Orodha mbili za wabunge wa Bukavu hazilingani

Jambo sana ndugu. Umesema orodha moja inamwonyesha mtu yuleyule kuwa mbunge wa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC), 2006 hadi 2011, nyingine inampeleka hadi 2018, na hujui ufuate ipi.

Nilikwama hapo hapo nilipoanza kaye yangu (daftari) ya wabunge wa mji. Angalia kwanza: ni mbunge wa taifa au wa mkoa? Wa taifa walichaguliwa tarehe 30 Julai 2006, wa mkoa tarehe 29 Oktoba. Mwaka 2011 tulimchagua rais na wabunge wa taifa tu, kura ya mkoa haikufanyika. Basi wale wa 2006 walibaki kwenye bunge la mkoa mpaka uchaguzi wa Desemba 2018. Miaka kumi na miwili kwa kura moja! Hilo linaniuma bado: mtoto wa miaka sita wakati ule alikuwa ameshafikia umri wa kupiga kura.

Kama ni wa taifa, tafuta msaidizi wake, yule tunayemwita suplea. Mbunge akiteuliwa waziri, suplea ndiye anayekalia kiti. Tangu katiba irekebishwe Januari 2011, mwenyewe akitoka serikalini anarudia kiti chake. Ndiyo maana kwenye kaye yangu kila kiti kina mstari wake, na chini yake majina mawili, matatu, kila moja na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Ukipanga kwa majina ya watu utachanganyikiwa tena.

Tuma majina yanayokusumbua, tuyapitie pamoja.