Maswali Yenu: Ati medali ya kwanza ilienda kwa wezi wa treni?

SWALI: Mhariri vipi, mimi nanyoa watu hapa Kondele, Kisumu. Juzi kwa kinyozi kulizuka ubishi, mteja mmoja ambaye bro yake anaishi Ohio akasema askari wa kwanza kabisa kukabidhiwa ile medali kubwa ya Marekani, Medal of Honor, walikuwa wa Ohio na kazi yao ilikuwa kuiba treni. Tukamcheka mpaka nikasimamisha mashine. Mwingine naye akasema enzi hizo ziligawanywa tu kama peremende. Nani ako sawa?

JIBU: Wote wawili, na huyo mliyemcheka mnamdai soda.

Hii ni ile vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865. Aprili 1862 jasusi mmoja wa upande wa Kaskazini, James Andrews, alichukua askari wa regimenti (vikosi) tatu za Ohio, wakavaa kiraia wakapenya jimbo la Georgia kwa adui, Kusini, mpango ukiwa ni kuteka treni waende nayo mji wa Chattanooga, Tennessee, huku wakichoma madaraja, waking'oa reli na kukata nyaya za telegrafu. Walioanza safari walikuwa 24 lakini waliopanda treni ni 20 tu. Wawili walinaswa njiani wakaingizwa jeshi la adui, na wengine wawili, usicheke, walilala wakaachwa.

Asubuhi ya tarehe 12 treni ilisimama kituo cha Big Shanty, wafanyakazi na abiria wakashuka kunywa chai, jamaa wakachomoa injini yenyewe, iliyoitwa General, na mabehewa matatu, na kambi ya adui iko hapo tu kando ya reli! Konda William Fuller akaacha chakula mezani akaanza kuikimbiza treni kwa miguu. Hebu waza, kwa miguu. Akapata kigari cha kusukuma, halafu injini moja, ikawa nyingine, ya mwisho iliitwa Texas na ilikimbia kinyumenyume kwa sababu hakukuwa na pa kuigeuzia. Mvua ilikuwa inanyesha kwa hivyo madaraja yakakataa kushika moto. Mzee wangu alifanya kazi relini hapa Nakuru na alikuwa akisema injini ya mvuke haibembelezwi, moto ukikosa chakula umekwisha, na ndivyo ilivyokuwa, baada ya kama kilomita 140, karibu utoke Nakuru uingie Nairobi, kuni ziliisha wakaruka wakatawanyika msituni. Wakashikwa wote, hata wale wa usingizi.

Wanane walinyongwa, Andrews akiwa wa kwanza. Wengine walitoroka jela, sita wakarudishwa kwa kubadilishana mateka, na Machi 25, 1863 hao sita ndio wakakabidhiwa medali za kwanza kabisa. Aliyeanza ni Jacob Parrott, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amechapwa viboko zaidi ya 100 na hakutoa siri.

Andrews hakupata kwa sababu alikuwa raia, hiyo naielewa. Kinachoniudhi ni kwamba wale wawili waliolala walipewa, lakini Philip Shadrach na George Wilson, fundi viatu, walionyongwa kabisa, wakasahaulika mpaka Julai 2024 ndipo jamaa zao wakaitwa Ikulu kuzichukua.

Sasa yule wa peremende. Medali ya vita hiyo ilipewa watu zaidi ya 1,500, na hapo hujahesabu kioja cha regimenti ya 27 ya jimbo la Maine. Mwaka 1863 muda wao wa jeshi ulikuwa unaisha, wakaahidiwa medali wale watakaobaki siku chache kulinda Washington. Walibaki kama 300, lakini orodha ikavurugika zikatengenezwa 864, mpaka za waliokwisha kwenda nyumbani. 1917 jeshi likazifuta zote 864.

Huyo naye mpe soda, ila ndogo.