Maneno ya Watu kwenye Daftari la Korosho

Msimu wa korosho wa mwaka 2016 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi huku Mtwara Vijijini. Mkulima anashusha gunia, linapanda kwenye mzani, mimi naandika jina, kilo na tarehe. Msimu ulipofungwa lilibaki kaunta buku moja la kwaya tatu ambalo halikuguswa. Nililiomba, nikapewa. Ukurasa wa kwanza nikaandika methali tuliyokuwa tukiambiana karibu kila asubuhi ghalani: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku zote nilidhani methali ile ni ya wafanyabiashara. Nilipoiandika kwa mkono wangu nikaona inanisema mimi. Nilikuwa msomaji tangu utotoni, nakutana na maneno yanayonigusa, nasema haya siyasahau, na wiki ya pili sikumbuki hata yalikuwa kwenye kitabu gani.

Basi tangu hapo naweka maneno ya watu kwenye daftari, na wenzangu wanaoliona huniuliza ninavyofanya. Ni rahisi. Ukurasa wa kushoto naandika maneno, aliyeyasema, kitabu na mwaka. Ukurasa wa kulia nauacha mtupu mpaka kitu kinitokee maishani kinachoyahusu. Kuna kurasa za kulia zimekaa tupu miaka mitatu. Ziache. Usijaze kwa sababu unaona aibu kuona karatasi nyeupe.

Mfano unatoka mbali kidogo. Januari 1904 Franz Kafka, kijana wa miaka 20 wa Prague aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alimwandikia barua rafiki yake Oskar Pollak kuhusu vitabu vinavyostahili kusomwa. Humo ndimo yalimo maneno yake mashuhuri, kwamba kitabu hakina budi kuwa shoka la kuvunjia bahari iliyoganda ndani yetu. (Tafsiri ni yangu, na ukitafsiri mwenyewe useme hivyo.) Niliyapenda kwa mlio wake tu. Bahari iliyoganda nitaijulia wapi? Bahari yangu ni ya Mikindani, vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Nikaandika kushoto, kulia nikaacha.

Kulijazika alfajiri moja kwenye soko la samaki mjini Mtwara. Kijana alishusha bonge la barafu lililoviringishwa kwenye gunia, akaanza kulivunja kwa kipande cha nondo. Alipiga pale pale, pale pale. Mapigo kama kumi hivi hakuna kilichoonekana ila vumbi jeupe. Halafu mstari mwembamba kama unywele ukapita katikati, na bonge zima likaachia kwa mlio mmoja. Vipande vikamwagwa kwenye tenga juu ya vibua waliokuwa wanasubiri gari la Masasi. Nikiwa nimesimama pale ndipo barua ya Kafka iliponiingia. Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa na kuvisema kwamba havikunifanya kitu, kumbe vilikuwa vinagonga pale pale. Na ile barafu iliyopasuka ndiyo iliyolinda samaki njia nzima.

Ndiyo maana nasema, maneno ya mtu wa mbali yatafutie mahali kwenu. Kama ningeishia kuyaweka kwenye stetasi ya WhatsApp, yangebaki na baridi ya nchi ya watu.

Francis Bacon wa Uingereza yeye hakunichukua muda. Katika insha yake kuhusu masomo, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1597, anasema vitabu vingine ni vya kuonja, vingine vya kumeza, na vichache ni vya kutafuna na kuyeyusha. Watu wa huku wanamwelewa haraka, ila mimi ningemwongezea aina ya nne. Korosho ghafi huitafuni. Ganda lake lina mafuta yanayochubua ngozi, na mama zetu wanaobangua kwa mkono hupaka mafuta au majivu kwanza. Viko vitabu vya kubangua. Kwangu mimi ni tenzi za kale za Lamu: lugha yetu hiyo hiyo, lakini ukiingia kwa pupa unatoka umechubuka na unakitupa kitabu.

Bacon huyo huyo anasema kusoma humjaza mtu, mazungumzo humweka tayari, na kuandika humfanya awe sahihi. La kuandika nalithibitisha kwa mizani. Mkulima akikwambia gunia lake lilikuwa kilo themanini na wewe hukuandika, mtashindana mpaka magharibi na wote wawili mnaamini mnasema kweli.

Sasa nikwambie kosa langu, maana nataka wewe usilirudie. Niliwahi kuombwa kusema machache kwenye mahafali ya shule moja. Nikaanza kwa kishindo: "Kama alivyosema Shaaban Robert..." Watu walipiga makofi. Niliposhuka, mwalimu mmoja mstaafu akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, maneno hayo yamo kwenye kitabu chake kipi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeyatoa kwenye picha iliyozungushwa kwenye kundi la simu, yenye sura yake na maua pembeni. Nikapekua kila kitabu chake nilichoweza kukipata, sikuyaona. Nikayapiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Hawezi kusimama akasema hayo si yangu. Kwa hiyo neno nisilolijua kitabu chake naliandika bado, kama ni zuri, lakini chini yake naweka "limesemwa na watu" basi. Na nikikuta nukuu nzuri natafuta ukurasa ilipotoka, nasoma kinachotangulia na kinachofuata. Mara nyingi kinachofuata ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Jambo jingine, soma maneno hayo kwa sauti mbele ya watu wasioshika vitabu. Hili nimelipata kwa mjomba wangu, mvuvi. Nilikuwa nasoma utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule aliyeyatazama magofu ya Pate, mji wa kale upande wa Lamu, akaukanya moyo wake juu ya dunia. Nikafika hapa:

Suu ulimwengu bahari tesi
Una matumbawe na mangi masi

Mjomba alikuwa anashona nyavu kibarazani. Akasema, "Rudia." Nikarudia, nikamweleza kwamba bahari tesi ni bahari iliyochafuka. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Matumbawe yanayotokeza wakati wa bamvua hayajamuua mtu. Ni lile lililofunikwa na maji shibiri moja." Akaendelea na nyavu zake. Mimi nilikuwa nimezoea matumbawe ya ukutani, yale mawe ya nyumba za kale za Mikindani ambayo tukiwa watoto tulikuwa tukiyakwangua kwa kucha. Sikuwa nimeyafikiria kama kitu kinachokusubiri chini ya maji yanayoonekana mazuri. Ukurasa wa kulia niliandika maneno ya mjomba, na tangu siku hiyo ndiyo ninayoyarudia kuliko yale ya kushoto.

Nimebakiza moja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima. Ubeti wa tatu unasema:

Ndoo mbee ujilisi
Na wino na karatasi
Moyoni nina hadisi
Nimependa kukwambia

Ndoo ni njoo, mbee ni mbele, ujilisi ni uketi. Si kila ubeti wa utenzi ule nakubaliana nao. Yapo ya kumtii mume ambayo binti zangu sitawapa jinsi yalivyo. Lakini ubeti huu nimeushika. Mama ana maumivu, siku zake anazihesabu, na kabla hajasema neno anataka wino na karatasi viwepo.

Mwaka 2019 mama yangu alianza kuumwa. Nilikuwa nimejaza daftari kwa maneno ya watu wa Ulaya na wa Lamu waliokufa zamani, na mama yangu yupo chumba cha pili, sina hata sentensi yake moja. Liliniuma sana. Jioni nikaingia na kaunta buku, nikaketi mkekani.

"Mama, sema nikuandike."

"Niseme nini, mwanangu? Mimi sikusoma."

"Lolote."

Akanyamaza kitambo. Nilikuwa nategemea wasia, nakiri, kitu kizito kama cha kwenye tenzi. Akaanza na madeni. Jirani anamdai vibaba viwili vya mchele. Fundi hajarudisha kitambaa. Kanga ya bluu apewe shangazi. Kisha akaingia kwenye mikorosho ya shamba la bondeni, akaitaja mmoja mmoja, aliyeupanda nani, uliochelewa kuzaa upi, uliopigwa na ugonjwa mwaka gani. Mkono ulinichoka. Sikujua kwamba kila mti ulikuwa na habari yake na kwamba zote zilikuwa kichwani kwake tu.

Alipofika wa mwisho, ule wa karibu na njia ya kisimani, akasema: "Huo hauzai sasa. Lakini usiukate, watu wa kisimani wanapumzikia pale."

Nikaandika kushoto kama alivyotamka. Jina lake. Kitabu hakuna. Mwaka 2019. Alifariki kabla ya masika.

Ukipenda, anza hapo. Kabla ya Kafka na Bacon, keti na mtu wa nyumbani kwako aliye hai, uandike anachosema hata kikiwa hesabu ya madeni. Usimsahihishe, usimpambie. Vitabu vitakusubiri.

Ukurasa wa kulia wa mama ulikaa mtupu muda mrefu. Niliujaza Agosti iliyopita, tulipokwenda kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Tulipofika mwisho wa shamba walikuwepo wanawake watatu na mtoto chini ya mkorosho ule, ndoo zimetuliwa, mmoja ameegemea shina, kata yake ya kubebea ndoo bado iko kichwani. Walitusalimia wakaanza kuinuka. Nikawaambia wakae. Tukazima mashine, tukangoja mpaka walipotwika ndoo zao wakaondoka.