Maswali ya Wasomaji: Ofisi Mbili Kwenye Nyuzi za Mwanga

Swali: Ofisi zetu mbili zimeungwa kwenye mfumo wa zamani wa nyuzi za mwanga, wa aina ya APON. Tunataka kompyuta zote ziwe kwenye mtandao mmoja, lakini kutuma faili toka ofisi moja hadi nyingine huchukua muda mrefu, ilhali kupakua kutoka intaneti ni haraka. Je, uzi una kasoro?

Jibu: Uzi hauna kosa. Katika mfumo huu, ambao ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, iliupitishia kiwango mwaka 1998, uzi mmoja hutoka kituoni kwa mtoa huduma, kisha kigawanyaji kisichotumia umeme huwagawia mwanga wake wateja hadi 32. Mwanga unaoshuka huwafikia wote, lakini unaopanda huelekea kituoni tu; kwa hiyo ofisi zenu, hata zingetenganishwa na ukuta mmoja, hazisikiani, na kila faili hupanda hadi kituoni ndipo ishuke. Njia ya kupanda ndiyo nyembamba: ni megabiti 155 kwa sekunde kwa wateja wote, ilhali kushuka huweza kufikia 622. Tena kila mteja hungoja zamu ya kutuma, maana mawimbi ya wawili yakifika kituoni kwa pamoja huharibiana.

Data yenyewe husafiri katika seli za ATM, yaani vifurushi vidogo vya ukubwa usiobadilika; kila seli ina baiti 53, na 5 kati yake ni kichwa tu, yaani maelezo ya kuielekeza. Fremu kamili ya Etheneti, yaani kifurushi cha data cha mtandao wa kawaida wa ofisi, hukatwa vipande 32 hivi, na karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo hupotelea kwenye vichwa hivyo.

Ndiyo maana sishauri kuunga swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi moja) kwa swichi, kwani matangazo ya kila kompyuta, yaani ujumbe inaowatumia wenzake wote, yangevuka na kujaza njia ileile nyembamba. Wekeni ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao miwili, kila upande, kila ofisi ibaki na anwani zake, na kati ya ruta hizo pitisheni handaki lililosimbwa, yaani njia ambayo data hupita ikiwa imefichwa kwa ufunguo. Usimbaji huo msiuache hata kidogo: data inayoshuka hufika kwenye kifaa cha kila jirani, na kinga ya awali ya APON ina ufunguo wa biti 24 tu, ambao kompyuta ya kawaida ya leo huuvunja bila taabu. Kwa kuwa handaki huongeza baiti zake, punguzeni ukubwa wa juu wa pakiti toka baiti 1500 hadi 1400 hivi.

Faili zinazotumiwa na pande zote zikae kwenye seva ya kila ofisi, na seva hizo zilinganishe nakala usiku, wakati njia ya kupanda ina nafasi.