Kila Chombo na Kazi Yake: Niliyojifunza Nikisanifu Simulizi ya Wakulima wa Mwani

Wanafunzi wanaoanza kusomea usanifu wa kidijitali huniuliza swali moja kuliko yote: waanze na programu gani? Naelewa kwa nini swali hilo linatangulia, kwa sababu matangazo ya kozi, video za mafunzo na hata mitaala mingi imepangwa kwa majina ya programu. Ushauri wangu, baada ya kuisomea fani hii hapa Unguja na kufanya kazi yangu ya mwisho juu ya wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, ni kwamba swali la kwanza liwe jingine. Katika jambo hili ninalotaka kulisimulia, ni sehemu gani inayohitaji kuonekana, ipi inayohitaji kusikika, ipi ioneshwe kwa ramani au mchoro, na ipi iachiwe maandishi peke yake? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo atajifunza programu yoyote atakayowekewa mbele. Asiyeweza atatengeneza kazi inayong'aa, lakini ndani yake picha, sauti na maandishi yatakuwa yanarudia jambo lilelile mara tatu.

Mwalimu wetu alitufundisha hilo kwa karatasi na penseli. Kabla ya kugusa kompyuta, kila mmoja alichora jedwali la safu tatu: sehemu za simulizi, chombo alichokichagua kwa kila sehemu (picha, video, sauti, ramani, mchoro au maandishi), na sababu ya kuvikataa vyombo vingine. Safu ya tatu ndiyo iliyotutoa jasho. Ni rahisi kusema kwamba utaweka video; ni kazi kueleza kwa maandishi kwa nini sehemu hiyo isingetosha kwa picha mbili na sentensi tatu. Hadi leo sianzi kazi bila jedwali hilo, na kama una muda wa kufuata shauri moja tu katika makala hii, fuata hilo.

Nilichagua mwani kwa sababu ni jambo lililo karibu nami na lenye tabaka nyingi. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Hupigilia vigingi katika mchanga wa bahari, huvuta kamba kati ya kigingi na kigingi, na hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba kwa nyuzi ndogo wanazoziita taitai. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari kuvunwa, ukaanikwa na kuuzwa kwa wanunuzi wanaousafirisha ng'ambo, ambako hutolewa kiungo kinachofanya dawa ya meno na vyakula kadhaa viwe vizito. Aina zinazolimwa ni mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo inayodhoofika haraka maji ya kina kifupi yanapopata joto, kiasi kwamba wakulima wengi wameiacha.

Nilipoyaweka hayo katika jedwali, mgawanyo ulijitokeza wenyewe. Tofauti ya bei na sababu ya cottonii kufa ni mambo ya maelezo, hivyo niliyaachia maandishi. Mahali pa mashamba palihitaji ramani, kwa kuwa mpangilio wa viwanja vya mwani huonekana vizuri katika picha za setilaiti zilizopigwa maji yakiwa yametoka, na msomaji akiuona mara moja huelewa ukubwa wa kazi kuliko angeelezwa kwa aya nzima. Namna ya kufunga taitai ni tendo la vidole, linalostahili picha za karibu zinazofuatana. Sauti za wanawake wakizungumza chini ya banda la makuti, huku wakifunga mbegu, zilistahili kusikika kama zilivyo.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni maji kupwa na kujaa. Mkulima wa mwani hapangi siku zake kwa kalenda ya ukutani. Anafuata bamvua, linalokuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha, na shamba halifikiki vizuri kwa miguu. Nilitamani kuonesha hilo kwa video, lakini video inaonesha saa moja tu ya siku moja, na jambo lenyewe ni mzunguko wa mwezi mzima. Kwa hiyo nilichora duara katika Inkscape, programu ya michoro ya vekta isiyolipiwa, nikaweka awamu za mwezi pembeni na kimo cha maji ndani yake, na siku za kwenda shambani nikazipa rangi moja ya kijani. Mchoro huo ulinichukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, na ndio wasomaji waliousifu kwanza.

Kuhusu upigaji picha, nitasema lile ambalo sikulikuta katika mafunzo mengi ya mtandaoni. Waalimu wa picha husisitiza mwanga laini wa alfajiri na wa jioni. Pwani yetu ina utaratibu wake: maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na adhuhuri, jua likiwa kali, mchanga mweupe na maji yakiakisi mwanga kutoka chini. Simu au kamera ikiachwa iamue yenyewe, hupima weupe wa mchanga na kuzifanya nyuso za watu weusi kuwa giza tupu. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, shikilia hadi kipimo cha mwanga kifungwe, kisha punguza mwanga kidogo tu. Kubali mchanga ung'ae kupita kiasi, maana uso ndio unaosimulia. Jiweke upande ambao jua linampiga mtu kwa ubavu, na umwombe mtu anayekusaidia ashike kanga nyepesi juu ya kichwa cha unayempiga picha unapokuwa karibu naye. Kivuli hicho kidogo hubadilisha kila kitu.

Sauti nayo ina adui wake, na adui huyo ni upepo. Paje inapendwa na wachezaji wa mchezo wa kuteleza baharini wakivutwa na tiara kwa sababu upepo wake hautulii, na msimu wa kusi rekodi yoyote isiyokingwa hujaa mvumo. Kifuniko cha manyoya cha maiki si kitu cha anasa. Kama huna, rekodi mazungumzo marefu nyuma ya ukuta au ndani ya banda, na ukiwa ufukweni rekodi sauti za mahali tu. Vaa hedifoni muda wote wa kurekodi. Kabla ya kuondoka mahali popote, rekodi nusu dakika bila mtu kusema, kwa kuwa utakapokuwa unakata na kuunga katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, utahitaji ukimya wa mahali hapo hapo kuziba mapengo. Hifadhi nakala ya awali katika WAV, muundo usiobana sauti, na ya kuchapisha utaibana baadaye.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo natamani lifundishwe katika wiki ya kwanza ya kila kozi ya fani hii Afrika Mashariki: uzito wa faili. Msomaji wetu anafungua kazi hiyo kwa simu, na bando analilipia mwenyewe. Dakika moja ya video ya ubora wa juu, kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ina uzito wa megabaiti 60. Dakika moja ya mazungumzo yaliyobanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde haifiki nusu megabaiti. Maana yake ni kwamba, kwa bei ya dakika moja ya video, msomaji angeweza kusikiliza mazungumzo ya zaidi ya saa mbili. Nikilijua hilo, video huwa naitumia pale tu mwendo wenyewe ndio habari, na hata hapo naiacha iwe ya sekunde chache. Kipande cha kusambaza kwenye WhatsApp nakitengeneza cha wima, pikseli 1080 kwa 1920, nikiweka manukuu juu ya picha yenyewe, kwa sababu watu wengi hutazama wakiwa kwenye daladala bila kufungua sauti.

Katika usanifu wa kurasa, mwalimu wangu bora amekuwa kanga. Inashangaza jinsi tunavyokwenda kutafuta kanuni za mpangilio katika vitabu vya mbali na kuacha kilichotundikwa kambani nyumbani. Kanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno ya ujumbe wake, lililowekwa chini ya mji katika kisanduku chake. Jicho linajua mahali pa kuanzia na pa kuishia. Rangi ni chache, zinagombana vya kutosha kuonekana kwa mbali, na maneno ya jina huandikwa kwa herufi nzito zisizo na urembo ili yasomeke mtu akiwa anatembea. Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka lake Mombasa mwaka 1887, alichapa kanga zake kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na alama hiyo bado inatambulika zaidi ya karne moja baadaye. Huo ni utambulisho wa biashara uliofanikiwa kabla ya yeyote kati yetu kusikia habari za nembo za kidijitali. Chukua kanga tano tofauti, zipige picha, kisha jaribu kuchora muundo wa kila moja kwa mistari mitupu. Utajifunza nafasi, uzani na mpangilio wa ngazi za maandishi bila kulipa ada.

Kiswahili kina mahitaji yake ya kiusanifu ambayo violezo vya Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, na vinginevyo havikuyafikiria. Maneno yetu huwa marefu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati na mtendwa. Ukinyoosha maandishi pande zote mbili katika safu nyembamba ya simu, maneno kama "watakapoyaanika" huacha mapengo makubwa katika mistari. Yapange maandishi kushoto tu. Zima ukataji wa maneno wa programu iliyowekwa kwa Kiingereza, kwa sababu hukata mahali ambapo silabi zetu hazikatiki, na panapohitajika kukata, kata mwenyewe baada ya irabu. Kichwa cha habari kilichobuniwa kwa maneno matatu mafupi kitahitaji nafasi zaidi kikiandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo sanifu ukiwa na maneno yako halisi mbele yako, kamwe usisanifu kwa maandishi ya kujazia. Tofauti ya mwanga kati ya herufi na usuli wake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, ambao ndio unaopendekezwa na miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa kurasa za wavuti. Na msomaji wetu aliyesimama juani ataihitaji hata zaidi ya hapo.

Jambo la ruhusa ni zito kwangu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuijua, lakini saini kwenye karatasi haimalizi wajibu. Nilirudi kijijini na kazi ikiwa karibu kukamilika, nikawaonesha wahusika kwenye simu, mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, aliitazama picha yake akiwa ndani ya maji, nguo zikiwa zimeloa na kumganda, akasema kwa upole: "Mwanangu, hiyo itoe. Wajukuu zangu wataiona." Kwa mwanga na mpangilio, ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga. Niliitoa pale pale mbele yake, tukachagua nyingine pamoja, akiwa amekaa juu ya gunia la mwani mkavu, na alieleza mwenyewe kwa nini hiyo inamfaa. Maelezo yake niliyarekodi kwa idhini yake, na yakaingia katika simulizi. Weka muda wa safari hiyo ya kurudi katika ratiba yako tangu mwanzo, maana ukisubiri wiki ya kukabidhi kazi hautakuwapo.

Kuhusu mahali pa kupata mazoezi nje ya darasa, angalia miradi ya ramani za wazi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko na kuyaweka katika OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuitumia mradi atambue chanzo chake. Ramani yangu ya mashamba ilijengwa juu ya data za namna hiyo. Stadi ya ramani ni adimu miongoni mwa wasanifu wetu, na wahariri wanaihitaji.

Ukifika wakati wa kutafuta kazi, peleka kazi mbili au tatu zilizokamilika, kila moja ikiwa na nusu ukurasa wa maelezo ya maamuzi uliyoyafanya: ulichokichagua, ulichokikataa na sababu. Katika usaili wangu wa kwanza, mhariri alipitia simulizi ya mwani kimya, akasimama kwenye duara la bamvua na kuuliza kwa nini sehemu hiyo haikuwa na video ilhali bahari ni kitu cha kuvutia sana kutazama. Nilimfungulia jedwali langu la safu tatu, tukazungumza juu ya safu ya tatu kwa muda wote uliobaki.